Piriton, setirizini na boti ya Unguja: ipi umeze, ipi uiache

Mtoa Dozi (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema?

Kusi limeanza kuvuma na maswali dirishani kwetu ni yale yale. Anakuja mmoja: "Nipe Piriton, kesho napanda boti ya Unguja." Nyuma yake mama anataka Piriton ya maji. Ukimuuliza mtoto anaumwa nini, anasema haumwi, ila usiku anasumbua, halali. Wa tatu ni dereva wa lori, pua inavuja, anataka "vile vya njano vya bei rahisi" ameze aondoke na mzigo wa Tunduma. Dawa moja, watu watatu, na wote watatu nawakatalia. Kila mmoja ana sababu yake, ila mzizi wa sababu zote ni mmoja. Nimeona nianzishe uzi, nikiulizwa tena nitume linki tu.

Nafanya kazi famasi, upande wa kutoa dawa. Sijakuona na sijui figo zako zikoje, kwa hiyo dozi nitakazotaja ni za mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine. Mwenye hali tofauti amuulize mtaalamu aliye mbele yake.

Tuanze na aleji. Mwili ukikutana na kitu unachokichukia bila sababu ya maana, iwe vumbi la godoro, chavua, paka, kamba wa baharini au karanga, kuna seli zinazomwaga kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayofanya pua ichuruzike, macho yawashe na ngozi itoke mabaka yaliyovimba. Antihistamini, yaani dawa za aleji kama Piriton, haizuii histamini isimwagwe. Inachofanya ni kuwahi siti: histamini ikifika, inakuta pamekaliwa. Ndiyo maana mwenye kujua kuwa akifagia stoo atapiga chafya siku nzima, anafaidika zaidi akimeza kabla ya kufagia kuliko akimeza jioni macho yameshakuwa mekundu.

Dawa hizi si za juzi. Daniel Bovet alianza nazo Taasisi ya Pasteur, Paris, mwaka 1937, na mwaka 1957 akapewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo yamekuja makundi mawili, na hapa ndipo watu wanapochanganya.

Kundi la zamani: klorofeniramini (ndiyo Piriton yenu), promethazini (wengi mnaijua kama Phenergan), difenhidramini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, sinarizini, na nyinginezo. Kundi jipya: setirizini, loratadini, feksofenadini. Kwa chafya na mwasho, yote mawili yanafanya kazi. Tofauti ni kwamba la zamani linapenya mpaka kwenye ubongo, la jipya linaingia kidogo sana au haliingii kabisa.

Huko kwenye ubongo ndiko histamini inakofanya kazi ya kukuweka macho. Ukiizuia, unasinzia. Na huko huko ndiko sikio la ndani linakopeleka taarifa kwamba chombo kinayumba, wakati macho yanaona viti vya mbele vimetulia. Taarifa zinagongana, moyo unachafuka. Dawa ya zamani inaituliza hiyo njia. Kwa hiyo kinachokusaidia usitapike ndicho hicho hicho kinachokupa usingizi. Ukiiondoa sifa moja, na nyingine imekwenda.

Jambo lenyewe liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1947, hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, madaktari Leslie Gay na Paul Carliner walikuwa wanajaribu antihistamini mpya kwa wagonjwa wa aleji. Mama mmoja mjamzito, aliyekuwa na mabaka ya ngozi, akawaambia kwamba siku hizi akipanda tramu hatapiki, na zamani ilikuwa lazima. Wakapeleka dawa kwenye meli ya wanajeshi wa Marekani iliyokuwa inavuka Atlantiki majira ya baridi, General Ballou, wakaijaribu kwa askari, ikafanya kazi. Dawa hiyo ni dimenhidrinati, ipo mpaka leo. Mimi huwa napenda sana kwamba aliyeligundua ni mgonjwa, wao wakawa na akili ya kumsikiliza.

Sasa wale watatu wa dirishani. Wa boti: Piriton si chaguo la kwanza kwa safari, utalala tu na kigegezi chako. Na usije ukampa setirizini eti "ni dawa mpya ya aleji, nzuri zaidi". Kwa boti haisaidii, haifiki inakotakiwa. Sinarizini ya vidonge vya miligramu 15 humezwa viwili, saa mbili kabla ya safari, kisha kimoja kila baada ya saa nane kama safari bado inaendelea. Kwa boti ya saa moja asubuhi maana yake umeze saa kumi na moja alfajiri. Madukani vipo pia vya 25 na maelekezo yake ni tofauti, soma karatasi ya ndani. Promethazini miligramu 25 humezwa usiku wa kuamkia safari, nayo ni nzito, kesho yake unaweza kuamka kichwa bado kimejaa pamba. Zote ni za kutangulia. Ukishaanza kutapika tumbo linakuwa limegoma kusukuma kitu mbele, kidonge utakiona kinarudi.

Dereva: setirizini miligramu 10 mara moja kwa siku, au loratadini 10, au feksofenadini 120. Setirizini bado huwapa baadhi ya watu usingizi, kwa hiyo ya kwanza aimeze siku ambayo hashiki usukani, ajijue. Piriton aiweke mbali kabisa. Inakaa mwilini muda mrefu kuliko inavyotuliza pua, ya jana usiku inaweza kuwa bado nawe kwenye kona za Kitonga.

Mtoto asiyelala: hapana. Nitarudi hapo.

Karibuni.

---

Mwana wa Gazeti

Mkuu umeandika vizuri, ila bibi yangu alikuwa anatubandika gazeti tumboni ndani ya shati, basi la Dar mpaka Moshi hakuna aliyetapika. Gazeti halina usingizi wala figo. Nimekaa palee nasubiri ulipinge.

---

Mtoa Dozi

Silipingi, likikusaidia bandika. Imani nayo inatuliza. Tangawizi pia wapo wanaoona nafuu, na kwa wengi haina shida. Ila gazeti mtoto atalichana kabla ya Chalinze.

---

Nahodha Mkoani

Assalaam alaykum. Mie nimekulia kwenye vyombo, Pemba na Unguja, naona mnazungumza dawa tu. Hichi kitu nusu yake ni wapi mtu amekaa. Abiria akifika anakimbilia mbele kabisa apige picha, au anajifungia chini kwenye kiyoyozi na simu mkononi. Mbele ndiko kunakopanda na kushuka kuliko kote. Kaa katikati ya chombo, upande wa nyuma kidogo, pahala unapoona nje, jicho lako liwe pale mbingu inapokutana na maji. Simu weka mfukoni. Moshi wa dizeli ukikupiga, hama. Na usije na tumbo tupu wala usije umekula biriani. Kipande cha mkate na chai ya rangi, basi.

Miezi ya Juni mpaka Agosti mkondo wa Nungwi na ule wa kwenda Pemba hauna huruma. Kaskazi bahari huwa na adabu zaidi. Mwenye uwezo wa kuchagua mwezi wa kusafiri na achague.

---

Mtoa Dozi

Wa alaykum salaam. Shukrani sheikh, hii imezidi karatasi ya ndani ya boksi. Kwenye basi ni hivyo hivyo: siti za mbele, tazama barabara, si skrini. Na mbebe mfuko wenu wa kutapikia, rambo zilishapigwa marufuku tangu 2019, msitegemee konda atakuwa nazo.

---

Mjukuu wa Bumbuli

Mkuu nina safari ya Lushoto na watoto, mmoja miaka sita, mwingine mwaka mmoja na miezi mitatu. Zile kona kutoka Mombo unazijua. Mwaka jana jirani alimpa wake Phenergan ya maji kijiko kimoja, mtoto akalala mpaka nyumbani. Na mimi nifanye hivyo?

---

Mtoa Dozi

Huyo wa mwaka mmoja na miezi mitatu, usithubutu. Promethazini kwa mtoto wa chini ya miaka miwili ni marufuku, iwe ya maji, ya kidonge au ya sindano. Imewahi kuwazimisha watoto pumzi mpaka wakafa, na Marekani waliiwekea onyo lao kali kuliko yote mwaka 2004. Jirani aliona mtoto amelala. Hakuwa na namna ya kujua amelala kiasi gani.

Nikwambie na jambo la kukufurahisha: watoto wa chini ya miaka miwili mara nyingi hawasumbuliwi na gari. Huanza baadaye kidogo, na wakikua wengi huachana nalo. Kwa hiyo huyo mdogo mpakate tu, mfungulie dirisha kidogo. Akitapika sana angalia homa, huenda si safari.

Wa miaka sita, sinarizini hutolewa kuanzia miaka mitano, nusu ya dozi ya mtu mzima, ila nenda famasi na umri wake na uzito wake, akupimie mtu. Mkifika Mombo simameni, anyooshe miguu, anywe maji kidogo. Mkae mbele.

Na hapa nimalizie ya mtoto asiyelala. Mama wengi wanaita "kumtuliza". Kijiko cha Piriton ya maji, saa mbili usiku, kila siku, ili mzazi apumzike. Naelewa uchovu ule, si mzaha. Lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi hiyo dawa bila daktari kusema, na kwa wakubwa kidogo si dawa ya usingizi. Wapo wanaogeuka: badala ya kulala anaruka ruka, analia, hashikiki, mama anadhani dozi ni ndogo anaongeza kijiko. Hapo ndipo tunapompokea mtoto ana degedege au hapumui vizuri. Kijiko chenyewe ni cha jikoni, kimoja kinabeba mililita tano, kingine nane. Dawa ya maji ipimwe kwa kikombe chake au bomba la sindano lililotolewa ncha.

---

Dereva wa Masafa

Mtoa Dozi umenigusa, maana ni mimi huyo wa Tunduma au pacha wangu. Nauliza: nina miaka nameza Piriton barabarani na sijawahi kusinzia. Mwili wangu umeshazoea. Hizo mpya bei yake imechangamka.

---

Mtoa Dozi

Mkuu heshima yako. Kuna utafiti ulifanyika Iowa, Marekani, ukachapishwa mwaka 2000. Walichukua watu wenye mafua ya aleji wakawaweka kwenye kiigizo cha gari. Siku moja wanapewa difenhidramini, siku nyingine feksofenadini, siku nyingine pombe, siku nyingine kidonge kisicho na dawa. Waliomeza difenhidramini waliendesha vibaya kuliko walipokunywa pombe. Waliomeza feksofenadini waliendesha sawa na waliopewa kidonge kitupu. Na hili ndilo nataka ulisikie: kiasi mtu alichojiona anasinzia hakikutabiri jinsi alivyoendesha. Wengine walijiona wako macho, na gari linahama mstari.

Difenhidramini si Piriton, lakini ni ukoo mmoja. Kutosinzia si ushahidi kwamba uko sawa. Kinachochelewa ni breki.

Bei: loratadini na setirizini za kawaida, zisizo na jina kubwa, hazitofautiani sana na unachotumia ukizingatia kwamba ya zamani unameza 1×3 na hii ni moja kwa siku. Feksofenadini ndiyo ghali. Ukiinunua imeze kwa maji, juisi ya machungwa inapunguza kiasi kinachoingia mwilini. Na kama pua inaziba kila siku, mwezi hadi mwezi, uliza dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ile ya kutuliza uvimbe. Haifanyi kazi siku ya kwanza, inataka siku kadhaa za kupuliza bila kuruka, lakini kwa pua iliyoziba inaishinda antihistamini.

---

Bishoo wa Kinondoni

Nyie wote mnaongelea kulala, mimi Piriton na bia mbili napata usingizi wa kifalme. 😂

---

Mtoa Dozi

Pombe na dawa hizi zinasukuma upande mmoja. Mtu akilala hivyo na akatapika amelala chali, hatajua. Acha.

---

Kijana wa Kisauni

Vipi wadau. Hapa kwetu Mombasa juzi mjomba aliumwa na nyuki wengi shambani, uso ukafura, sauti ikabadilika, akawa anapumua kwa shida. Watu wakamkimbizia Piriton mbili kutoka kemisti. Kwa bahati boda alikuwa karibu akafikishwa hospitali wakamdunga kitu pajani akapona. Swali: ile Piriton ilimsaidia kabisa ama?

---

Mtoa Dozi

Pole kwa mjomba, na hongera kwa aliyeita boda.

Alichodungwa karibu hakika ni adrenalini. Mtu mzima hupewa nusu miligramu kwenye msuli wa paja, na ikibidi hurudiwa baada ya dakika tano. Hiyo ndiyo inayofungua njia ya hewa na kuinua presha. Piriton inatuliza mwasho na mabaka, haifungui koo. Na kidonge kinataka nusu saa na zaidi ndipo uanze kukiona kazi, koo haliwezi kungoja nusu saa. Wengi wanafia hapo, wamekaa wanasubiri dawa iingie.

Dalili za kuondoka nazo bila kusubiri: ulimi au koo kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana na kupiga filimbi, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au mabaka mwili mzima yakiambatana na kutapika. Akiwa anahisi kuzimia alale, miguu iinuliwe. Akiwa hapumui vizuri aketi. Asisimamishwe ghafla atembee mwenyewe kwenda kwenye pikipiki. Akishadungwa na akawa mzima, abaki chini ya uangalizi saa kadhaa, maana kuna wanaorudiwa. Na kuanzia leo mjomba akifika hospitali yoyote aseme kwamba nyuki wanamdhuru, iandikwe kwenye faili.

---

Mama Wawili

Asante kwa uzi. Mimi mtoto wangu wa shule amewashwa wiki tatu, usiku ndiyo zaidi, katikati ya vidole na kiunoni. Dukani nimepewa Piriton, nikapewa setirizini, akitumia analala, akiacha yale yale. Na mimi mwenyewe nimeanza kujikuna. Ni aleji ya nini hii ya familia?

---

Mtoa Dozi

Mama, kwa maelezo hayo, mwasho wa usiku, katikati ya vidole, na sasa umehamia kwako, mimi ningeanza kushuku upele. Ni wadudu wadogo wanaochimba ngozini. Antihistamini hapo inafunika mwasho tu, wadudu wanaendelea na maisha yao. Nenda kituo cha afya watazame ngozi. Ikiwa ndiyo, mnapakwa dawa nyumba nzima siku moja, hata asiyewashwa, na mashuka na nguo vinafuliwa kwa maji ya moto. Mkipaka mmoja mmoja mtazungushiana mpaka Krismasi.

Si kila mwasho ni histamini. Wa umri wangu mnakumbuka enzi za klorokwini, kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001: unameza dawa ya malaria, usiku unajikuna nyayo mpaka unalia. Tulikuwa tunapewa Piriton pembeni kama desturi, na kwa wengi haikufua dafu, kwa sababu mwasho ule haukutokana na histamini pekee.

---

Mrembo Asiyenenepa

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Kuna vidonge vya kuongeza mwili, nimeambiwa na muuzaji ni "vitamini ya hamu ya kula". Nikimeza nalala kama mzigo. Rafiki yangu anasema ni dawa ya aleji. Inawezekana?

---

Mtoa Dozi

Hujatoka nje ya mada, umeingia katikati yake. Inawezekana sana. Siproheptadini ni antihistamini ya zamani, na moja ya tabia zake ni kuamsha njaa. Ndiyo maana unalala. Huuzwa hivyo kuanzia Kinshasa mpaka huku kwetu, na mara nyingine huchanganywa na deksamethazoni, ambayo ni steroidi. Hiyo ya pili ndiyo inayonitisha zaidi. Uso unajaa, mtu anasifiwa kwamba amependeza, kumbe ni maji na mafuta yamepandia shavuni. Sukari inapanda, presha inapanda, na ukiitumia muda mrefu mwili unaacha kutengeneza steroidi yake wenyewe, hivyo ukiikata ghafla unaweza kuanguka kwa presha kushuka.

Kwa hiyo usikate kesho asubuhi kama umetumia wiki nyingi. Chukua hivyo vidonge, hata kama viko kwenye kifuko kisicho na jina, nenda navyo kwa daktari. Na uzito wa siproheptadini mara nyingi huondoka ukiacha dawa, ujue kabisa.

---

Mama Wawili

Nimekuelewa, kesho naenda. Na mjamzito je? Mdogo wangu ana miezi minne, chafya haziishi, na wiki ijayo anapanda boti.

---

Mtoa Dozi

Kwa chafya, loratadini na setirizini hutumika kwa wajawazito na hazijaonyesha tatizo kubwa, na Piriton ina historia ndefu. Lakini aseme kliniki kabla, si baada. Kwa boti, sinarizini aiache, kuna nyingine wanazoweza kumpa. Anayenyonyesha vile vile achague za kundi jipya, maana za zamani zinaweza kumfanya mtoto asinzie mno na asinyonye vizuri.

Kwa kuwa tupo kwenye wa kuangaliwa: wazee wenye tezi dume, Piriton na promethazini zinaweza kuufunga mkojo kabisa, mtu akalala hospitali na mpira. Wenye presha ya macho ile ya pembe kujifunga, hivyo hivyo. Mwenye figo dhaifu, setirizini hupunguzwa. Na kila mtu ageuze boksi la dawa ya mafua asome nyuma: nyingi zina klorofeniramini ndani tayari, pamoja na parasetamoli. Unameza hiyo, kisha unaongeza Piriton "kwa ajili ya chafya", umeshameza mara mbili na hujui. Mtu mzima asivuke miligramu 24 kwa siku, yaani vidonge sita vya miligramu nne, na hapo ni dari, si lengo.

---

Dereva wa Masafa

Mkuu hapo kwenye kugeuza boksi, sisi tunapewa kwenye vibahasha vyeupe. Nyuma hakuna kitu. Mbele "1×3".

---

Mtoa Dozi

Kweli, na ni makosa yetu wa dirishani. Mlazimishe mtoaji aandike jina la dawa na nguvu yake kwa miligramu, ni haki yako, akikasirika nenda duka la pili. Ya maji ndiyo kabisa usinunue isiyo na lebo, wala kwa anayepita na kikapu dirishani stendi. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya dawa nne za maji zilizokutwa Gambia, moja ilikuwa promethazini ya maji. Ndani yake walikuta diethilini glaikoli, sumu inayoua figo. Watoto zaidi ya sitini walihusishwa na dawa hizo. Hakuna mzazi anayeweza kuionja akajua. Nunua duka lililosajiliwa, angalia namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Ukiona jambo la ajabu wapelekee taarifa TMDA, mamlaka ya dawa Tanzania, na wa Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu.

---

Nahodha Mkoani

Ndugu yangu Mtoa Dozi, nna moja la kwangu. Bi mkubwa wetu hapa Pemba ana kizunguzungu. Miaka nyuma alipewa hiyo sinarizini, ikamfaa, basi mpaka leo anaimeza asubuhi na jioni, akiishiwa anamtuma mjukuu dukani. Mwaka huu mkono umeanza kumtetema akishika kikombe, na mwendo wake umekuwa wa kuburura. Watu wanasema ni uzee.

---

Mtoa Dozi

Sheikh, huenda ni uzee, na huenda ni dawa. Sinarizini ikitumika muda mrefu, hasa kwa wazee, inaweza kuleta mtetemo, ugumu wa mwili na mwendo wa kuburura unaofanana na ugonjwa wa Parkinson. Kwa safari ya boti ya muda wa saa mbili hilo halina nafasi. Kwa miaka ya asubuhi na jioni lina nafasi kubwa. Wengi hupata nafuu dawa ikiachwa, ingawa inaweza kuchukua miezi.

Asiongezewe dawa nyingine ya mtetemo kabla ya hili kuangaliwa. Na msimpunguzie wenyewe nyumbani. Mpelekeni hospitali na boksi lenyewe mkononi, mjukuu aende pia, yeye ndiye anayejua amelinunua tangu lini. Kabla ya kuondoka mpimeni presha amelala, kisha akishasimama. Kizunguzungu cha kwanza kile kilichompa dawa, inawezekana hakikuwa cha sikio.